Dukani Kwangu Hakuingia Askari

Mchezo wetu uliisha saa tatu usiku, kwenye kiwanja cha mchanga Magomeni, Mtwara mjini. Tulikuwa na jenereta la kuazima, spika mbili, mashuka yaliyofungwa kwenye mkorosho yakawa pazia, na watu waliokaa chini, waliokaa kwenye bodaboda zao, na watoto waliopanda ukuta. Ulikuwa mwaka 2014. Tuliigiza habari ya bomba la gesi na vurugu za mwaka uliotangulia, na kila mtu pale alikuwa na lake la kukumbuka.

Onyesho la mwisho lilikuwa la mwenye duka. Askari wawili, yaani vijana wetu waliovalishwa kombati za kushonesha, wanavunja mlango, wanabeba sukari na mafuta, wanapindua kaunta. Mwenye duka anabaki amekaa katikati ya mchele uliomwagika, anauokota punje kwa punje. Nililiandika mimi. Usiku ule watu walilia, tena kwa sauti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya shuka na moyo wangu ulijaa, nikasema sasa tumewasemea watu.

Tukiwa tunakunja mashuka akaja mama mmoja, kajitanda kanga, mkononi ana ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwenye mfuko. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nani kaandika huu mchezo?"

Nikamwambia ni mimi.

"Mmeigiza vizuri. Yule binti aliyeokota mchele kaniliza. Lakini mimi ndiye mwenye duka, wa kweli. Na dukani kwangu hakuingia askari."

Nikanyamaza.

"Waliingia watoto wa hapa hapa. Wawili nawajua mpaka babu zao. Mmoja wao, mama yake aliposhikwa na uchungu, mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali ya Ligula usiku. Sasa wewe umewavika kombati."

Hakusema kwa hasira. Alinipa ming'oko miwili mitatu, akaaga. Miaka imepita na nimeandika michezo mingine, lakini maneno yale hayajaniondoka.

*

Asiyekuwa Mtwara wakati ule namweleza kwa kifupi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na kwa muda mrefu ilikuwa habari ya kijiji cha Msimbati na watu wachache. Baadaye likaja wazo la bomba la inchi 36, la zaidi ya kilomita 500, kuichukua kuipeleka Dar es Salaam. Huku kwetu watu walikwisha kuambiwa viwanda vitakuja, ajira zitakuja, mji utakuwa mwingine. Waliposikia kwamba gesi yenyewe inasafiri, waliuliza: kitabaki nini? Tarehe 27 Desemba 2012 wakaandamana kwa maelfu. "Gesi haitoki" likawa neno la sokoni, la stendi, la msikitini baada ya swala.

Jumatano ya tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni Dodoma. Bomba linajengwa, halina mjadala. Mji ukawaka moto. Yalichomwa majengo na magari, risasi zikasikika, watu wakafa, wengine wakakamatwa, na wanajeshi wakaletwa. Idadi ya waliokufa kila msemaji alikuwa na yake. Familia nyingine zilihama mitaa kwa siku kadhaa, zikalala kwa ndugu vijijini. Bomba lilikamilika, likazinduliwa Oktoba 2015.

Mimi nilikuwemo. Sikuchoma kitu, lakini nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nikaona watu wakikimbia na vitu ambavyo asubuhi havikuwa vyao. Kijana mmoja ninayemfahamu alipita amekumbatia katoni ya sabuni, tukaangaliana. Nilipokaa kuandika mchezo, picha ya yule kijana ilikuja mapema kabisa, kabla ya nyingine zote. Niliiona, nikaisogeza pembeni. Nilijua dukani kumeingia nani. Nilijua kabla mama yule hajaniambia.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Ningekuwa nimekosea kwa kutojua, ningeomba radhi nikarekebisha, yakaisha. Nilijua, nikachagua.

*

Nilipowarudishia wenzangu kikundini maneno ya yule mama, tuligombana usiku kucha. Mwenzetu mmoja, ambaye ndugu yake alikaa mahabusu kwa miezi, alisema neno ambalo sijapata jibu lake rahisi mpaka leo: "Ukiwaonyesha wale vijana wanaiba, kesho watasema si mnaona, walikuwa wahuni tu. Na gesi yetu, na waliokufa, vyote vitafunikwa na katoni moja ya sabuni."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Neno "wahuni" lilikwisha kutumika sana, na ukishamwita mtu mhuni huna haja tena ya kumsikiliza alikuwa anadai nini. Sisi wa Kusini tumezoea kuwa watu wa kuzungumziwa. Kuna mizaha juu yetu tangu zamani, juu ya barabara yetu, juu ya umaskini wetu. Mara ya kwanza tunapopata jukwaa la kujisemea, eti tuanze na aibu yetu?

Sikuweza kumjibu. Nikaenda kutafuta msaada kwa mtu ambaye nilimsoma nikiwa shule, nikamsoma vibaya.

Ebrahim Hussein ni mtoto wa Lindi, amezaliwa huko mwaka 1943. Tamthilia yake ya *Kinjeketile* ilitoka mwaka 1969, na darasani tulifundishwa kuitafutia dhamira, wahusika na mandhari mpaka utamu wote ukaisha. Safari hii niliisoma kama mtu anayezama anavyoangalia kamba.

Kwanza kuna historia. Mtu wa kweli, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alikuwa mganga aliyegawa maji yaliyosemwa kwamba yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Ni katika vilima vya Umatumbi, Nandete, ambako watu waling'oa pamba ya serikali mwezi Julai 1905, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Angalia tarehe hiyo. Vita vilikuwa havijafikisha hata wiki mbili tatu. Askofu Cassian Spiss alikuwa bado hajauawa njiani karibu na Liwale. Hilo lilikuja tarehe 14 Agosti. Misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi zilikuwa bado zimesimama. Mtu aliyewapa watu maji hakuishi kuona maji yakishindwa.

Kwenye tamthilia anaishi. Mwandishi amemsogezea kitanzi mbele, vita vikapiganwa kwanza, watu wakafa mbele ya bunduki, kisha Kinjeketile akakamatwa akiwa anajua yote. Kwa mizani ya tarehe huo ni uongo. Lakini Hussein hakuuficha: katika utangulizi anaeleza kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha ubunifu, kwamba wanafanana na yule wa historia lakini si mtu mmoja. Anaweka mkono wake juu ya meza ili uuone.

Na amekisogeza kitanzi kwa sababu. Anataka tufike gerezani, ambako Kitunda, aliyeongoza wapiganaji, anamwomba Kinjeketile aseme kweli, aseme maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa. Anajua adui atalichukua lile neno na kuwaambia watoto wa kesho kwamba babu zao walikosea kupigana, kwamba kupigania haki yako ni ujinga wa ushirikina.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Ni maneno ya mwenzetu yaleyale. Watasema walikuwa wahuni tu.

Nilikaa na ukurasa ule siku nyingi. Mwanzoni nilidhani mwandishi ananiruhusu: ona, hata Kinjeketile alificha kwa ajili ya watu wake, nawe ficha katoni yako ya sabuni. Kisha nikaona nilichokuwa sikioni. Kinjeketile anaficha, lakini tamthilia haifichi. Tumeshaona maji yakishindwa. Tumeshamsikia Kitunda, tumesikia uchungu wake. Mtazamaji anaondoka na vyote viwili: dawa ilikuwa uongo, na kupigana hakukuwa kosa. Mwandishi alituamini kwamba tunaweza kubeba mizigo miwili kichwani bila kuangusha mmoja. Mimi watu wa Magomeni sikuwaamini. Niliwapa mmoja, ule mwepesi, tena kwa watu waliokuwa wanaujua huo mwingine kuliko mimi.

*

Nikaendelea kuichimba Majimaji, kwa sababu nilitaka kujua wengine tumewavika kombati mara ngapi.

Katika maigizo ya shule niliyoyaona tangu utoto, Majimaji ni Mzungu mwenye ndevu za pamba na bunduki ya mti, na upande wa pili ni sisi. Lakini waliofyatua risasi wengi wao walikuwa askari weusi. Waliokusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba kwa kiboko walikuwa maakida, na maakida wengi walikuwa watu wa pwani, Waislamu wenye kusoma na kuandika, watu wa miji kama Kilwa na Lindi. Babu zetu, kwa lugha nyingine. Sijawahi kuona akida kwenye jukwaa la shule akiongea Kiswahili chetu cha Lindi na kuvaa kanzu yetu. Akitokea, ni mtu asiye na kwao.

Jingine ni njaa. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka kuwahoji wazee, aliona ni kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa sababu mashamba yalichomwa, ghala zilichomwa, na chakula kikageuzwa silaha, mpaka nchi za bara ya Kilwa, Liwale na Songea zikabaki pori. Upande wa pili, Wazungu waliokufa katika vita hivyo ni 15. Sasa jukwaa linapenda risasi. Risasi ina sauti, mtu anaanguka, watu wanashtuka. Njaa inaigizwaje? Mtu anakonda kwa miezi, mama anaficha kiganja cha mtama asiwape watoto wa jirani. Hakuna anayeigiza hilo, na kwa hiyo watoto wanamaliza shule wakidhani Majimaji ilikuwa ni maji na risasi, ilhali ilikuwa ni ghala lililoungua.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha, nilifuatilia nikiwa na machozi. Nilifurahi kwa moyo wote. Pia niliwaza kwamba aliyeweza kuja kuomba msamaha ni Mjerumani tu. Akida hana rais wa kumsemea.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna Mueda, ambako Wamakonde wengi wa Mtwara na Newala wana ndugu. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno, baada ya Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane kukamatwa, na Wareno wakawafyatulia risasi. Taifa la Msumbiji linahesabu waliokufa kuwa mamia, 600 ndiyo namba ya vitabuni. Watafiti waliopekua nyaraka wanatoa namba ndogo zaidi, ndogo kwa mbali. Baada ya uhuru watu wa Mueda waliigiza siku ile wao wenyewe, palepale uwanjani, Wamakonde wakicheza Wareno, na Ruy Guerra akaigeuza filamu mwaka 1979. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 1980, sarafu mpya ya metikali ikaanza kutumika, kwa heshima ya siku hiyo.

Nilipokuwa mdogo katika haya mambo ningesema: msiguse hiyo namba, ni damu ya watu. Sasa sisemi hivyo. Kama walikufa 600, waliuawa. Kama walikufa 20, waliuawa, na aliyefyatua hapungukiwi dhambi. Anayeng'ang'ania namba kubwa kwa sababu anaogopa ndogo haitoshi kuwaliza watu, anawaambia ndugu wa wale ishirini kwamba marehemu wao peke yao hawakutosha. Sitaki kufanya hivyo tena kwenye maandishi yangu. Katika mchezo wetu wa kwanza niliweka idadi ya waliokufa Mtwara kinywani mwa msimuliaji, kubwa, ya mviringo, niliyoitoa kwa mtu aliyeitoa kwa mtu. Nimeifuta. Mahali pake msimuliaji anakaa kimya, na mwigizaji mmoja anaweka viatu chini, jozi moja moja, bila kuhesabu kwa sauti.

(Niseme na hili, kwa sababu linanikera kila nikipita kwa wachongaji. Mchongo ule wa mpingo wa watu waliopandana, ambao dunia nzima unauita ujamaa, inasimuliwa kwamba Roberto Yakobo Sangwani aliuleta Dar es Salaam ukiwa ni mcheza mweleka aliyeshinda, anabebwa na wenzake. Wamakonde waliuita dimongo. Siasa ilipofika ukapewa jina jipya, yule mshindi wa mweleka akapotelea ndani ya umma. Sisemi jina jipya ni baya. Wachongaji wenyewe walilichukua wakalikuza, wakala, wakasomesha watoto. Lakini mara nyingine nasimama mbele ya ule mchongo nikimtafuta yule mtu wa juu, nikijiuliza alimwangusha nani.)

*

Tuliandika upya onyesho la duka. Ilituchukua miezi, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilirudi kwa yule mama. Nilikaa barazani kwake nikamwomba anisimulie, na nikamwomba ruhusa. Alikubali kwa sharti moja: wale vijana wasitajwe, wala kufananishwa na mtu. "Wameshaoa," alisema. "Mmoja kaja kuniamkia siku ya Idi. Hajasema kitu, nami sijasema kitu. Mkimtaja mtamfukuza." Nilimuuliza kama hakasiriki. Akasema hasira anayo, ila ana hasira mbili, na watu kila siku wanamtaka achague moja. Duka liliibiwa na watoto wa mtaani. Na lile bomba lilipita, naye bado anasubiri kiwanda alichoambiwa. Kwa nini akidai moja aambiwe asamehe jingine?

Niliandika maneno hayo kama yalivyo. Ndiyo mazungumzo marefu ya mwisho ya mchezo sasa hivi, na sikuongeza neno.

Kuhusu wizi wenyewe, tulijaribu njia nyingi. Tukiwaonyesha vijana wakivunja, watazamaji walicheka. Kuna ucheshi katika mtu anayekimbia na katoni ambao hatukuweza kuuzuia. Tukiwaonyesha vivuli nyuma ya shuka, ikawa tena ni majini, watu wasio na kwao, kama akida wa shule. Mwishoni yule mwenzetu aliyepinga ndiye aliyepata njia. Alijitolea kucheza yeye. Anaingia dukani na uso wake wazi, anachukua katoni, anageuka kuondoka, anakutana na macho ya mwenye duka. Hasemi kitu. Anabaki pale mpaka mtazamaji anaanza kutaka aondoke, arudishe, afanye lolote. Kisha risasi zinasikika nje, na wote wawili, mwizi na aliyeibiwa, wanalala chini pamoja nyuma ya kaunta ileile.

Ilitokea hivyo kweli? Sijui kwamba ilitokea. Hilo la kulala pamoja ni letu, tumelibuni, na msimuliaji analisema kabla mchezo haujaanza: mengine tuliyaona, mengine tulisimuliwa, na la kaunta tumelitunga wenyewe. Nilijifunza hilo kwa mtu wa Lindi. Mwanzoni niliogopa kwamba tukisema hivyo watu hawatalia. Wanalia vilevile. Tena mara ya kwanza tulipoigiza upya, Mikindani, kijana mmoja aliyekuwa kwenye bodaboda alizima pikipiki yake katikati ya onyesho lile, akashuka, akakaa chini mchangani na watu wengine mpaka mwisho. Sikumuuliza jina.

Bado kuna watu hawajaturidhia. Mzee mmoja aliniambia nimewauza vijana wetu. Mtu mwingine, wa upande ule mwingine, alisema nimechochea. Nimewasikiliza wote wawili mpaka mwisho na sijabadilisha kitu, isipokuwa kombati. Tumeziondoa. Askari kwenye mchezo sasa ni sauti tu kutoka nje, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewaona karibu, na nisichokiona sitaki tena kukivalisha nguo.

Kitu cha mwisho tulichopata ni mizani. Tulikuwa tunatumia ya karatasi ngumu, na siku tunafanya mazoezi yule mama alipita akaitazama, akaondoka bila neno. Alirudi amebeba mizani yake ya kweli, ile ya sahani mbili, upande mmoja umepinda. Alisema siku ile walichukua kila kitu, hiyo wakaiacha kwa sababu ilianguka ikapinda, wakaona haina kazi. Aliinyoosha kwa nyundo, na mpaka leo anapimia sukari.

Tunaiazima kila tunapoigiza. Lazima tuirudishe usiku uleule, hata tukimaliza saa sita, kwa sababu anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi.